Safu ya Sababu

Nyumbani kwetu kulikuwa na daftari lenye sauti kuliko mwenye nyumba. Mwenye nyumba ni mume wangu, mpiga gitaa la solo, ambaye kila mtu anamwita Nyuzi, hata mimi nikiwa sina hasira naye. Nikiwa na hasira simwiti kitu. Daftari lilikuwa la baba yake.

Lilikuwa kitabu kikubwa cha jalada gumu, kama vile vya kuandikia mizigo inayoingia na kutoka ghalani, na si ajabu, maana baba mkwe wangu alikuwa karani wa ghala mpaka alipostaafu. Kabla ya ghala alikuwa mpiga gitaa. Hilo tulilijua kwa kusikia tu, hakuna kati yetu aliyewahi kumwona ameshika chombo. Mama mkwe alipofariki alikuja kukaa nasi, na sanduku moja, kiti chake cha mbao na fungu la vitabu hivyo vikiwa vitupu. Kabla hajazoea hata mlango wa bafu uko upande gani, alikuwa ameshamchorea mwanawe safu nne kwa rula: Nimepiga nini. Kosa. Sababu. Kesho.

Mimi ni msusi. Kazi yangu naifanyia chumba cha mbele, na wao walikuwa wanafanyia yao chumba cha nyuma, katikati yetu ukuta mwembamba usioficha hata chafya. Kila siku baada ya chakula cha mchana gitaa lilianza. Skeli kwanza, kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, mpaka wateja wangu wakazijua. Mmoja aliniambia alijikuta anaosha vyombo kwake huku akiimba skeli, mumewe akamuuliza anaumwa nini. Mzee wao walimpa jina la Mkaguzi. Akipita chumba cha mbele kwenda nje wote wananyamaza na kukaa wima, vichwa nusu vimesukwa nusu vimetimka, kama watoto walioona mwalimu mkuu.

Mkaguzi alikuwa na namna yake ya kusikiliza. Alikigeuza kile kiti chake kikatazama ukuta, akakaa, akampa mwanawe mgongo. Alisema ukimtazama mpiga gitaa unadanganyika na vidole vyake, unaona mbio unadhani ni muziki. Anayetaka kusikia kosa asitazame. Basi atakaa hivyo, uso na ukuta, mikono juu ya mapaja, na kila likitokea kosa anasema "kosa" bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayehesabu magunia. Mazoezi yakiisha Nyuzi anajaza safu zake. Mzee anavaa miwani, anatoa kalamu nyekundu, anakagua.

Kosa la leo kesho linarudiwa mara mbili. Likionekana tena kesho, keshokutwa mara mbili ya hapo. Ndiyo ilikuwa sheria. Safu ya Kosa ilikuwa rahisi, kosa ni kosa. Iliyokuwa na kazi ni safu ya Sababu. Humo mzee hakukubali kitu chochote kilicho nje ya mtu mwenyewe. Huwezi kuandika joto. Huwezi kuandika uzi umelegea, kwa nini hukuukaza? Huwezi kuandika nimechoka, nani amekutuma uchoke? Unaandika haraka, au mawazo, au uzembe. Mtu mzima, ana ndevu, ana mke, anainamia daftari na kuandika kwa mkono wake mwenyewe: uzembe. Nikipita mlangoni na kuona hilo damu ilikuwa inanichemka.

Lakini nisiwe mwongo. Mwanzoni daftari lilifanya kazi. Nyuzi alipokuwa hana mtu wa kumsukuma alikuwa mpiga gitaa kama wengine wengi, mzuri wa kuchezesha watu ukumbini siku za mwisho wa wiki, basi. Baada ya mwaka mmoja wa Mkaguzi, watu walianza kuacha kucheza ili wasogee jukwaani kumsikiliza. Akatunga na wimbo wake. Mwanzo wa wimbo hauna mwimbaji, gitaa peke yake linazungumza muda mrefu, halafu ndipo wengine wanaingia mmoja mmoja kwa adabu. Kiongozi wa bendi aliusikia mara moja akasema huo utaingia studio, na jina la Nyuzi litaandikwa mbele. Mume wangu alirudi nyumbani siku hiyo akaninyanyua na kuninyanyua tena, na mimi si mwepesi. Miaka yote aliyopiga muziki hakuwahi kurekodi kitu kilicho chake.

Mzee alipoambiwa alisema, "Bado unakimbia pale kati." Kwa sifa alikuwa mkono wa birika.

Ni pale pale pa kati kidole kilipoanzia. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto, ule unaobonyeza nyuzi. Kuna mahali wimbo unashuka kwa kasi, na noti moja ikawa inakosekana, kama jino lililong'oka. "Kosa," ukuta ukaambiwa. Nyuzi akarudia. Kosa. Jioni hiyo kwenye safu ya Sababu aliandika: Kidole kimekataa.

Mzee akaikata kwa nyekundu.

"Kidole hakina akili ya kukataa," alisema. "Mtu ndiye anakataa. Andika vizuri."

"Baba, kweli kabisa, nilikituma hakikwenda."

"Andika."

Akaandika uzembe. Kesho yake mahali pale pakapigwa mara mbili, keshokutwa mara mbili ya hapo, na hesabu za namna hiyo mnajua zinavyokwenda. Ikafika siku wimbo mzima ukasahaulika, ikabaki ile sehemu moja tu ikizunguka kutoka chakula cha mchana mpaka anapovaa kwenda ukumbini, na wateja wangu wakaacha kutania. Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, huyo shemeji hajambo kweli?"

Nikasimama mlangoni nikamwona. Kidole kilikuwa kinajikunja. Hakitetemeki, hakichoki, kinajikunja taratibu kuelekea kiganjani kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto, na yeye anakitazama kama kitu cha mtu mwingine. Baada ya muda kidole kidogo nacho kikaanza kumfuata mwenzake. Na mzee, mita mbili kutoka pale, uso na ukuta: "Kosa. Kosa."

Kilichotutia wazimu ni kwamba gitaa likiwekwa chini mkono ulikuwa mzima. Anafunga vifungo vya shati. Anashika kijiko. Alikuwa ananitungia uzi kwenye sindano pale macho yangu yanaposhindwa. Ungekuwa mkono uliovimba, au uliovunjika, tungemwonyesha mzee tukasema haya, ona. Mkono mzima utamwonyesha nani? Nyuzi mwenyewe akaanza kuamini daftari. Akawa anafanya mazoezi asubuhi kabla ya chai, kwenye ukingo wa meza, kwenye mpini wa mwiko, akizungumza nawe vidole vinatembea gotini. "Nimejilegeza," aliniambia. "Nilijisifu mapema, nikalegea." Nilimkanda kwa dawa ya kuchua, nikamwekea maji ya moto, nikamsugua mpaka vidole vyangu navyo vikalia. Sikujua ninasugua nini.

Siku moja akaja chumba cha mbele wakati sina mteja, akafunga mlango.

"Una ule uzi wako mweusi wa kusukia?"

"Wa nini?"

"Nifunge hiki kidole. Weka kijiti kwa nyuma, ukivute, kisiweze kukunjika."

Nilimwambia ana kichaa. Akasema studio ni mwezi ujao. Nilimwambia aende akamwambie baba yake. Akanitazama tu, na mimi nilimjua mume wangu: hakuwahi kumwambia baba yake hapana tangu azaliwe, na hangeanzia hapo. Basi nikamfunga. Nimefunga nywele za watu maisha yangu yote, najua kukaza kitu kisifunguke. Akaenda kupiga. Nikasikia ile sehemu inapita, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi inapita, noti zote zipo, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Aliendelea mpaka kidole kikawa cheusi kama uzi wenyewe. Aliporudi ameushika mkono kwa mkono, nilikata uzi kwa wembe huku natukana, na yeye akalia. Kutoka chumba cha nyuma mzee akauliza, "Mbona kimya?"

Kiongozi wa bendi alikuja mwenyewe nyumbani, lakini hakuja kwa Nyuzi. Alikuja saluni. Ni mtu mkubwa, mcheshi, akikaa kwenye benchi langu wateja wawili wanalazimika kusimama. Alizungukazunguka, akasifu mitindo iliyobandikwa ukutani, mwishowe akasema, "Shemeji, jamaa ana nini? Watu wanaanza kusema analewa."

"Analewa nini? Hata soda anaona taabu kumaliza."

"Najua. Lakini anaharibu jukwaani, na studio imeshalipiwa. Asipokaa sawa ule wimbo nitampa Sindano aupige."

Sindano ndiye mpiga gitaa la pili, mwembamba, mpole, mtu ambaye hata kumchukia ni kazi.

"Umemwambia mwenyewe?"

"Ndiyo nakwambia wewe, uanze kumwandaa taratibu."

"Asante kwa zawadi," nilimwambia. Hakukaa sana.

Sikumwandaa mtu. Kesho yake nilimpandisha mume wangu gari tukaenda hospitali, naye amebeba gitaa mgongoni kwa sababu nilimwambia kama hawataliona hawataamini. Daktari wa kwanza alitupa vidonge vya maumivu. Nikamuuliza maumivu gani, mtu haumwi, mtu anajikunja. Akatuandikia kwenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu, na huyo tulimsubiri mpaka nikajua nyufa zote za dari ya ule ukumbi.

Alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa umri, ana sauti ya upole na haraka hana. Alimwambia Nyuzi apige pale pale. Akapiga. Wagonjwa wakachungulia mlangoni, muuguzi mmoja akapiga makofi, na mimi nilitamani ardhi inifiche. Daktari hakuwa na habari na muziki. Alikuwa ameinama anatazama mkono. Akamwambia apige polepole. Akamwambia abadili mkao. Kisha akamvalisha glavu ya mpira mkono wa kushoto, ile nyembamba ya kupimia wagonjwa, akamwambia apige tena.

Kidole kikanyooka.

Kikanyooka na kwenda mahali pake, na ile sehemu ya kati ikatoka safi, na Nyuzi akacheka kwa sauti, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia siku nyingi, akanigeukia, "Umeona? Umeona?" Nikaona. Akairudia. Akairudia tena, na kwenye mara hiyo kidole kikaanza kurudi kiganjani ndani ya glavu yake. Daktari hakuwa amecheka tangu mwanzo.

"Mkono wako mzima," alisema. "Mfupa mzima, mshipa mzima. Tatizo liko huku," akajigusa kichwa. "Ndani ya ubongo kila kidole kina sehemu yake. Mtu akirudia kitu kimoja kupita kiasi, tena kwa kujilazimisha, mipaka inafutika. Unaita kidole kimoja, vinakuja viwili. Glavu inaudanganya ubongo kidogo, unadhani ni mkono mwingine. Halafu ubongo unagundua."

"Kwa hiyo nifanye mazoezi gani?"

"Umenisikia? Kila unaporudia unaufundisha kosa. Unatakiwa kuacha. Si kupunguza, kuacha."

"Mpaka lini?"

Akaeleza. Zipo sindano za kulegeza misuli. Kuna kujifunza upya, polepole sana, kama mtoto. Wapo wanaopata nafuu. Nikamwambia atuambie ukweli, sisi watu wazima, na akatuambia kwamba wengi hawarudi pale walipokuwa. Halafu akauliza, anaandika, kama katika familia yupo mwingine aliyewahi kupata kitu cha namna hiyo. Nyuzi akasema hapana.

Tuliporudi nyumbani nilimwambia mzee mimi. Nilimkuta ameshakaa kwenye kiti chake, amecheleweshewa skeli na uso umekunjamana. Nilimweleza yote, ubongo, mipaka, kuacha, na nilijikaza kusema kwa adabu, mikono nimeifumbata mbele kama mkwe anavyotakiwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo daktari anapiga chombo gani?" aliuliza.

"Hapigi chombo, baba. Ni daktari."

"Basi." Akamgeukia mwanawe. "Jana umebakiza ile ya kati. Shika gitaa."

Nilimtazama mume wangu nikimwomba kwa macho, na mume wangu akakaa, akaweka gitaa pajani. Mzee akageuza kiti chake, akatazama ukuta. Skeli zikaanza. "Kosa," akasema. Hapo maji yakanifika shingoni.

Sikuwahi kumgusa baba mkwe wangu, wala kiti chake. Siku hiyo nilikishika kile kiti mgongoni na yeye akiwa juu yake, nikakigeuza. Hakuwa mzito. Miguu ya kiti ilikwaruza saruji kwa sauti mbaya na mzee akashikilia mbavu za kiti asianguke.

"Nisamehe baba," nilisema, na sauti haikuwa ya kuomba msamaha. "Leo tazama. Tazama mkono wake. Nyuzi, piga!"

Akapiga. Ile sehemu ya kati. Kidole cha pete kikajikunja, kidogo kikafuata, noti zikadondoka, na yeye hakuacha, akaendelea na vidole viwili vilivyobaki, machozi yanamtoka na anapiga, kwa sababu hakuna aliyemwambia acha.

Mimi nilikuwa namtazama mzee. Nilitaka kuona anavyoshindwa. Nilichokiona ni mtu aliyeishiwa damu usoni. Mdomo ulifunguka, haukutoa "kosa".

"Kilianza hicho cha pete," alisema. "Halafu kidogo kikakifuata."

"Ndiyo," Nyuzi akasema.

"Ukishika kijiko hakina neno."

Hilo sikuwa nimemwambia. Nimerudia kichwani mara nyingi yale niliyomweleza siku hiyo, na kijiko hakikuwamo.

Akanyoosha mikono, akaomba gitaa. Nyuzi akampa bila kuelewa. Mzee akalilaza pajani, akagusa nyuzi, akakaza mmoja, na akapiga. Ilikuwa ni mara yetu ya kwanza kumsikia. Sijui nieleze vipi. Alipiga kitu kifupi, cha zamani, laini, na mwili wake wote wa kikarani ukapotea, akawa mtu mwingine niliyetamani kumjua. Hakikufika mbali. Kidole cha pete cha mkono wake wa kushoto kikaanza kujikunja kuelekea kiganjani, taratibu, na kile kidogo nyuma yake.

Akaacha. Akautazama ule mkono kama anausubiri ujieleze.

"Kiongozi wangu alisema ni uvivu," alisema. "Nikaongeza mazoezi, hakikusikia. Nikaongeza tena. Akanifukuza mbele ya wenzangu, akasema bendi haifugi wavivu. Nikamwamini, ningemwamini nani mwingine? Nikaenda ghalani. Maisha yangu yote nimejua kwamba nilikuwa na gitaa mkononi nikalipoteza kwa uvivu. Mama yako nilimwambia hivyo hivyo, kwamba ameolewa na mvivu, ajue." Akamtazama mwanawe, na hakuwa mtu wa kumtazama mwanawe. "Nikasema wewe hutakuwa kama mimi. Nikasema wewe nitakusimamia."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia vizuri, kwa moyo wote, na hapo akaniharibia. Ningependa kusema nilimwonea huruma. Nilimwonea, lakini na hasira haikuondoka, ilikosa tu mahali pa kukaa, na mpaka leo inazunguka ndani ya nyumba ikigonga vitu. Nyuzi alichukua gitaa lake kutoka mapajani mwa baba yake, akaliingiza kwenye mfuko, akafunga zipu.

Yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia kiongozi wa bendi. Sindano alikuja nyumbani siku kadhaa kufundishwa ule wimbo, na mume wangu alimfundisha kwa mdomo, akiimba kila noti, akimsahihisha kwa upole ambao yeye hakuupata. Sindano alikuwa anatoka pale jasho linamtiririka, akipita kwangu anashindwa kuniangalia. "Dada, mimi sikuomba hivi," aliniambia. Nilimjibu najua, nenda kapige vizuri basi. Zoezi pekee ambalo daktari amemruhusu Nyuzi ni kuweka kidole juu ya uzi bila kuubonyeza, kukiondoa, kisha kuacha mpaka kesho. Siku nyingine kinakubali, siku nyingine hapana. Hakuna anayeandika. Nilitaka kuwashia jiko lile daftari, Nyuzi akasema liache, lina kurasa nzuri, utaandikia miadi ya wateja. Sijaweza kuligusa.

Wimbo ukarekodiwa. Asubuhi moja kiongozi wa bendi akautuma kwenye simu, tukausikiliza watatu katika chumba cha mbele kabla sijafungua kazi, simu imewekwa juu ya meza kati ya vitana na chupa za mafuta. Sindano aliupiga vizuri. Pale kati alipita bila kukosa hata noti moja, na nilimwona mume wangu anaufuata kwa midomo, mikono yote miwili ameikalia.

Wimbo ukaisha. Nyuzi ndiye aliyesema.

"Baba, mimi nilikuwa naupiga vizuri?"

Mzee aliitazama simu, na nilidhani birika litashikilia maji yake mpaka mwisho.

"Kuliko huyu," alisema. "Kuliko mimi nilivyowahi kupiga kitu chochote. Siku ile ya kwanza ulipoumaliza wote, nilitoka nje nikasimama pale bombani, nikafungua maji yaende ili msinisikie ninavyolia."

"Hukuniambia."

"Ungelegea. Nilikuwa nasubiri umalize makosa."

Nyuzi akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa njia na akaielewa. Hakuwa na hasira usoni, na afadhali angekuwa nayo.

"Siku ile kidole kilikuwa kizima, baba," alisema.

Mteja wangu wa kwanza akapiga hodi, akapiga tena, na mimi nikaenda kumfungulia, kwa sababu wao wawili hakuna aliyeinuka.